Siku za pole na siku za moto: kupanga mazoezi ya baiskeli ukiwa Tabora

Waendesha baiskeli wengi wa Tabora wana miguu ya masafa tangu utotoni. Aliyekwenda shule kwa baiskeli, akabeba mkaa, maziwa au gunia la karanga kutoka shambani hadi mjini, hana haja ya kufundishwa kukaa kwenye siti kwa saa tatu. Kwenye mbio huachwa mwishoni, pale kundi linapoongeza kasi ghafla na mtu mmoja akachomoka. Akirudi nyumbani anaamua kwamba amekosa nguvu, na kuanzia Jumatatu ananyonga kwa ghadhabu kila siku. Ikifika wiki ya tatu miguu ni mizito, usingizi ni wa mang'amung'amu, na kasi yake ni ileile.

Juhudi anazo za kutosha. Mgawanyo wake ndio mbaya. Kila siku anaendesha kwa mwendo mmoja wa katikati, ambao ni mkali mno kurudiwa kila siku bila kumchosha, na ni mwepesi mno kumwongezea kasi. Mwongozo huu ni wake, na wa yeyote mwenye baiskeli, iwe ya gia au Phoenix ya chuma yenye karia, anayetaka kwenda mbali na bado awe na kitu cha kutoa katika kilomita tano za mwisho.

Kila mwendo unajenga nini

Ukinyonga polepole kwa muda mrefu, moyo unajifunza kusukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo. Mishipa midogo ya damu, yaani kapilari, inaongezeka kuzunguka misuli ya mapaja. Ndani ya misuli yenyewe zinaongezeka mitokondria, sehemu za seli zinazotumia oksijeni kugeuza chakula kuwa nguvu. Kubwa zaidi, misuli inazoea kuchoma mafuta. Hili lina uzito wake, kwa sababu wanga uliohifadhiwa kwenye misuli na ini, unaoitwa glaikojeni, ni kama gramu 400 hadi 500 tu. Ukiendesha kwa nguvu, akiba hiyo inaisha ndani ya saa moja na nusu hadi mbili, na hapo ndipo mtu anapoishiwa nguvu katikati ya pori, macho yakaona ukungu. Mafuta hata mtu mwembamba anayo ya kumtosha siku nyingi. Anayejua kuyatumia anafika mwisho wa mbio akiwa bado na wanga mfukoni.

Mazoezi makali yana kazi nyingine. Yanapandisha kiwango cha juu kabisa cha oksijeni ambacho mwili unaweza kutumia, na yanasogeza mbele ule mpaka ambao ukiuvuka lakteti, kemikali inayotoka kwenye misuli inayofanya kazi kwa nguvu, inajaa kwenye damu kuliko inavyoondolewa, miguu ikaanza kuwaka. Mpaka huo nitauita kizingiti. Mtu ambaye hajawahi kufanya mazoezi makali anaweza kwenda Nzega na kurudi, lakini kundi likipandisha kasi kwa dakika tatu tu yeye amekwisha vuka kizingiti chake, na hawezi kukaa huko.

Stephen Seiler, mtafiti Mmarekani anayefanya kazi Norwei, aliangalia jinsi wanamichezo bora wa masafa wanavyojipanga: wapiga makasia, wanaoteleza kwenye theluji, wakimbiaji, waendesha baiskeli. Aliona jambo lilelile katika michezo tofauti. Karibu mazoezi manane katika kila kumi ni mepesi, na kama mawili ndiyo makali kwelikweli. Watu hawa wanaweza kunyonga kwa kasi kuliko sisi sote, na sehemu kubwa ya wiki yao wanaenda pole.

Mbio za dunia za barabarani zilizofanyika Kigali mwezi wa tisa mwaka 2025, za kwanza kufanyika Afrika, zilionyesha vizuri mambo haya mawili yanavyokutana. Mbio za wanaume zilikuwa za kilomita 267.5, juu na chini ya vilima vya Kigali, kwa zaidi ya saa sita. Tadej Pogačar wa Slovenia alichomoka na kushinda akiwa peke yake. Kuchomoka ni kazi ya mazoezi makali. Kuweza kuchomoka baada ya saa nne za vilima, na kubaki mbele hadi mwisho, ni kazi ya miaka ya mwendo mwepesi.

Hatua ya kwanza: zijue pumzi zako tatu

Huhitaji kifaa cha kupima wati. Pumzi yako inatosha kukuambia uko wapi.

Katika mwendo mwepesi unaongea sentensi ndefu bila kukatika. Unaweza kumsimulia mwenzako mechi ya jana tangu dakika ya kwanza, na anayekusikiliza kwenye simu asijue kama uko kwenye baiskeli. Katika mwendo wa katikati unaongea maneno matano au sita kisha unavuta pumzi. Katika mwendo mkali unajibu "ndiyo" au "hapana", na hata hilo hulitaki.

Mwendo wa katikati ndio unaodanganya watu, kwa sababu unapendeza. Jasho linatoka, upepo unavuma masikioni, unarudi nyumbani ukihisi umefanya kazi. Tabora ardhi yake karibu yote ni tambarare, na kwenye tambarare hakuna mteremko wa kukupumzisha wala mlima wa kukulazimisha kupunguza, kwa hiyo miguu inateleza yenyewe hadi kwenye mwendo huo na kukaa hapo. Sisemi mwendo wa katikati ni sumu. Una nafasi yake, hasa mbio zikikaribia, kwa kuwa sehemu kubwa ya mbio huendeshwa hivyo. Ubaya ni kuufanya chakula cha kila siku.

Mwenye saa ya kupima mapigo ya moyo aitumie. Kadirio la mapigo ya juu kabisa ni 208 ukitoa umri wako mara 0.7. Kwa mtu wa miaka 30 inakuja 187. Mwendo mwepesi uwe chini ya asilimia 75 ya hapo, yaani chini ya mapigo 140 kwa dakika. Mwendo mkali unaanzia karibu asilimia 90, yaani 168. Hilo ni kadirio tu, na watu wawili wa umri mmoja wanaweza kutofautiana kwa mapigo kumi au zaidi, kwa hiyo pumzi na saa zikigombana, iamini pumzi. Asiye na saa asimame kando ya barabara, aweke vidole viwili shingoni, ahesabu mapigo kwa sekunde 15 na kuzidisha kwa nne. Ahesabu palepale, kwa sababu mapigo hushuka haraka sana ukisimama.

Hatua ya pili: jipime kabla hujaanza

Chagua kipande cha barabara kisicho na matuta wala msongamano. Barabara ya Urambo ukishatoka mjini inafaa, na ya Sikonge pia. Pasha mwili kwa dakika 20, kisha nyonga kwa nguvu zako zote unazoweza kuzidumisha kwa dakika 30, peke yako, bila kujificha nyuma ya mtu. Andika umefika wapi. Wenye saa wachukue wastani wa mapigo wa zile dakika 20 za mwisho, kwani unakaribiana sana na kizingiti. Baada ya wiki sita rudia kwa baiskeli ileile, barabara ileile, saa ileile ya asubuhi. Siku yenye upepo ahirisha, kwa sababu upepo unaweza kukupa au kukunyang'anya kilomita nzima na usijue umejijenga au umebebwa.

Hatua ya tatu: jenga mwendo mwepesi, na uwe mwepesi kweli

Wiki nne hadi sita za kwanza karibu zote ziwe hivi. Anza na muda unaouweza sasa na uongeze kidogo kila wiki, kisha kila wiki ya nne upunguze kwa theluthi moja ili mwili ushike ulichojenga. Safari ndefu ya wiki, ambayo wengi huifanya Jumapili, ianze na saa moja na nusu na kupanda taratibu hadi saa tatu au nne, kulingana na mbio unazolenga.

Hesabu saa, acha kuhesabu kilomita. Aliye kwenye baiskeli ya chuma yenye tairi pana atachukua saa mbili mahali ambapo mwenye baiskeli ya mashindano anachukua saa moja na dakika 20, na moyo wao umepata mafunzo tofauti ingawa kilomita ni zilezile. Ukijilinganisha kwa kilomita utajikuta unakimbiza namba, na kukimbiza namba kunakurudisha kwenye ule mwendo wa katikati.

Jambo moja la hapa kwetu halimo kwenye mipango inayotoka nje: wengi wa wanaoshindana wanafanya kazi kwa baiskeli. Kama unabeba mizigo au abiria saa nne kwa siku, au unakwenda shamba na kurudi, hizo ni saa za mazoezi na lazima zihesabiwe. Nimeona vijana wenye vipaji wakimaliza kazi hiyo jioni kisha wanaenda "kuanza mazoezi" ya saa mbili. Hawakosi stamina hawa. Wanakosa mapumziko na mazoezi makali machache yaliyopangwa. Kwa mtu wa namna hii msingi upo tayari. Wiki yake inahitaji zoezi kali moja, likizidi sana mawili, katika siku ambayo mzigo ni mdogo, na siku moja bila baiskeli kabisa. Ajihadhari na jambo moja tu: gunia la mahindi kwenye karia linageuza mwendo mwepesi kuwa wa katikati, na mchanga unaugeuza kuwa mkali. Siku ya namna hiyo aihesabu kama siku ngumu hata kama hakupanga.

Kuhusu kuendesha kwa kundi. Nguvu ya kupasua hewa inaongezeka kwa mchemraba wa kasi. Kutoka kilomita 25 kwa saa hadi 30, nguvu ya kuishinda hewa inapanda kwa zaidi ya asilimia 70, ingawa kasi imepanda kwa asilimia 20 tu. Anayekaa karibu na gurudumu la mwenzake anaokoa robo ya nguvu au hata zaidi. Maana yake ni kwamba watu sita wanaoenda Igombe pamoja kwa kasi moja wanafanya mazoezi tofauti: wa mbele yuko kwenye moto, wa nyuma anapiga soga. Siku ya mwendo mwepesi, wa mbele awe yule mwenye pumzi ndogo kuliko wote, na wengine wakubali mwendo wake. Mwenye nguvu akishindwa kukubali, aende peke yake siku hiyo. Mashindano ya kukimbizana yasiyopangwa ndiyo yanayoua wiki nzuri kuliko kitu kingine chochote ninachokijua.

Hatua ya nne: leta moto

Ukishakaa kwenye mwendo mwepesi kwa wiki nne au zaidi na unaamka ukiwa mzima, ingiza zoezi kali moja kwa wiki. La pili liongeze baada ya wiki nyingine tatu au nne, na kati ya makali mawili ziwepo saa 48 angalau.

Zoezi ninalolipenda kwa mtu anayeanza ni vipande vinne vya dakika nane. Mwaka 2013 Seiler na wenzake walichapisha jaribio kwa waendesha baiskeli wa kawaida, wasio wa kulipwa. Kundi moja lilifanya vipande vinne vya dakika nne, jingine vinne vya dakika nane, jingine vinne vya dakika 16, kila mtu akijitahidi kadiri urefu wa kipande unavyomruhusu. Wa dakika nane, waliokuwa karibu asilimia 90 ya mapigo yao ya juu, ndio waliopata faida kubwa zaidi kwa jumla. Ni ukali ambao mtu anaweza kuukusanya kwa dakika 32 bila kuvunjika.

Fanya hivi. Pasha mwili dakika 20 kwa mwendo mwepesi. Kisha nyonga dakika nane kwa pumzi ya maneno mawili matatu, pumzika dakika mbili hadi tatu ukinyonga taratibu, rudia mpaka vitimie vinne. Kipande cha nne kifike mbali sawa na cha kwanza au zaidi kidogo. Kikiwa kifupi sana, ulianza kwa pupa. Malizia na dakika 15 za pole. Wiki ya kwanza fanya viwili, ya pili vitatu.

Zoezi la pili ni vipande vinne vya dakika nne, kwa asilimia 90 hadi 95 ya mapigo ya juu, na dakika tatu za kupumzika katikati. Haya ni machungu zaidi na yanapandisha uwezo wa oksijeni kwa haraka. Hili ndilo la kuongeza kama zoezi la pili la wiki, miezi miwili kabla ya mbio.

Kisha kuna vipande vifupi sana. Vile vya sekunde 20 za nguvu zote na sekunde 10 za kupumzika, mara saba au nane, vinatokana na utafiti wa Izumi Tabata wa Japani uliochapishwa mwaka 1996, na wengi wanaovifanya gym hawajui kwamba watu wake walikuwa kwenye baiskeli ya mazoezi. Vinafaa kwa wanaotaka kasi ya kumaliza. Wiki tatu au nne za mwisho zinavitosha. Ukivifanya mwaka mzima vinakuchosha kuliko vinavyokupa.

Sasa, wapi? Tabora haina milima ya maana barabarani, na baiskeli nyingi hazina gia. Tumia upepo. Kiangazi upepo huku kwetu hutoka zaidi mashariki na kusini mashariki. Tafuta barabara inayoelekea huko, kwa mfano ya Kigwa, ufanye kipande kikali ukiupinga upepo na urudi ukisukumwa nao wakati wa kupumzika. Upepo wa usoni ni mlima usioisha, na una uzuri mmoja ambao mlima hauna: ukipunguza nguvu nao unapunguza, kwa hiyo hata mwenye gia moja anaweza kupata ukali kamili bila kusimama kwenye pedeli. Njia ya mchanga inaweza kukufaa kwa vipande vya dakika nne, ila isiwe ndefu hadi gurudumu likazama.

Mwenye gia moja apandishe ukali kwa kuongeza mizunguko ya pedeli. Mwenye gia asikimbilie gia nzito. Abaki kwenye mizunguko 85 hadi 100 kwa dakika. Gia nzito inachosha paja kabla moyo haujapata kazi yake, na magoti yanalipa baadaye.

Usifanye vipande vikali kwenye barabara ya Nzega saa za malori na mabasi. Mtu aliye kwenye pumzi ya mwisho hasikii vizuri, haangalii nyuma, na anayumba. Spika masikioni zitoe. Jua la Tabora linachomoza saa moja kasoro, baadaye kuliko la Dar es Salaam, kwa hiyo anayetoka saa kumi na moja na nusu alfajiri anaendesha gizani kwa muda mrefu. Taa ya mbele, taa nyekundu ya nyuma na kizibao cha kung'aa si vya hiari. Vipande vyenyewe vianze kukiwa kumepambazuka.

Hatua ya tano: panga wiki

Mwenye siku tatu tu: safari ndefu nyepesi Jumapili, zoezi kali Jumatano, na saa moja au moja na nusu nyepesi Ijumaa. Kwa saa chache namna hii usiumize kichwa na ile hesabu ya nane kwa mbili. Inawafaa wanaoendesha saa nyingi. Linda jambo moja tu, kwamba zile siku mbili nyepesi zisigeuke za katikati.

Mwenye siku sita: Jumatatu anapumzika. Jumanne vipande vya dakika nane. Jumatano na Alhamisi saa moja hadi mbili za pole. Ijumaa vipande vya dakika nne. Jumamosi saa moja ya pole sana, ya kulegeza miguu. Jumapili safari ndefu. Ukihesabu siku, makali ni mawili kati ya sita na unaweza kudhani yamezidi. Ukihesabu dakika, vile vipande vyote kwa pamoja ni dakika 48, na wiki ya saa tisa ina dakika 540. Moto ni chini ya sehemu moja ya kumi. Hicho ndicho kipimo chake.

Kila asubuhi kabla hujatoka kitandani hesabu mapigo yako kwa dakika nzima na uyaandike. Ukishajua kawaida yako, siku utakayokuta yamezidi kama kumi, au umelala vibaya, au kuangalia baiskeli tu kunakuchosha, geuza zoezi kali kuwa jepesi. Ukiahirisha zoezi kali kwa siku mbili hupotezi chochote. Ukilazimisha, unaweza kupoteza wiki tatu.

Ukiwa na homa usifanye zoezi lolote kali. Kapime malaria. Ukikutwa nayo, maliza dozi, subiri homa ikuishe na hamu ya kula irudi, kisha anza na siku kadhaa za dakika 30 hadi 45 nyepesi. Watu hudharau hili kwa kuwa malaria tumeizoea, lakini ugonjwa huo unaharibu chembe nyekundu za damu, na hizo ndizo zinazobeba oksijeni unayoitaka miguuni. Na anayepata maumivu ya kifua, kizunguzungu au moyo kudunda ovyo wakati wa vipande vikali asimamishe mazoezi na aende hospitali kabla ya kugusa tena baiskeli kwa nguvu.

Katika mwezi wa Ramadhani aliyefunga asijaribu kuongeza kiwango. Alinde alichonacho. Mwendo mwepesi wa dakika 45 hadi 60 uishie karibu na futari ili anywe mara moja. Zoezi kali liwe moja kwa wiki na liwe fupi, nusu ya vipande vya kawaida, nalo karibu na magharibi. Uwezo haupotei kwa mwezi mmoja wa namna hiyo.

Joto nalo lina hesabu yake. Mwezi wa tisa na wa kumi, kabla mvua hazijaanza, jua la saa nane mchana linaweza kupandisha mapigo kwa kumi au kumi na tano ingawa miguu inafanya kazi ileile, kwa sababu damu inagawanywa kati ya misuli na ngozi. Siku hizo fuata mapigo na pumzi, ukubali kasi iwe ndogo. Mvua zikianza mwezi wa kumi na moja, njia za vumbi zinakuwa tope, na hapo hamishia vipande kwenye lami na ufupishe safari ndefu.

Hatua ya sita: kula kulingana na siku

Hapa Tabora tuna bahati, kwa sababu vyakula vya safari viko sokoni na bei yake haiumi. Siku nyepesi ya saa moja huhitaji zaidi ya maji. Siku kali, na safari yoyote inayozidi saa moja na nusu, inahitaji gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa. Ndizi mbivu moja ina kama gramu 25. Matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, hayaharibiki mfukoni, hayayeyuki kwa jua, na ukiyatafuna taratibu yanakaa vizuri tumboni. Michembe, ile ya viazi vilivyokaushwa vikiwa vibichi, ni migumu kutafuna ukiwa unahema, iache ya uji wa nyumbani.

Asali yetu ya miombo ndiyo inayofaa kuliko vyote. Ina sukari za aina mbili, glukosi na fruktosi, na kila moja ina njia yake ya kupita kwenye utumbo, kwa hiyo mwili unapokea nyingi kwa saa kuliko ukitumia aina moja. Changanya lita moja ya maji, vijiko vinne vya chakula vya asali na robo kijiko cha chai cha chumvi. Hiyo ni karibu gramu 68 za sukari, kiwango ambacho tumbo linakimudu hata kwenye joto. Kinywaji hiki kijaribu kwenye safari za Jumapili kwanza, usikianze siku ya mbio.

Nje ya siku za kufunga, zoezi kali lisifanywe na njaa. Saa mbili kabla kula uji au mkate na chai yenye sukari. Baada yake, ndani ya saa moja au mbili, ugali au wali na maharage, mayai, maziwa, au dagaa wa Kigoma, maana misuli iliyovunjwavunjwa na vipande inajengwa kwa protini. Wanaoogopa kula kwa sababu wanataka wepesi huwa wepesi kwa mwezi mmoja kisha wanadhoofika.

Wiki mbili kabla ya mbio

Punguza saa, usipunguze moto. Kama ulikuwa unaendesha saa kumi kwa wiki, shuka hadi saa sita, kisha tano. Vipande vikali vibaki na ukali wake, ila viwe vichache: viwili vya dakika nane badala ya vinne, vitatu vya dakika nne. Miguu itaanza kuwasha kwa hamu ya kwenda mbali na rafiki zako watakuita Jumapili. Wakatalie. Wiki hizi mbili hakuna stamina mpya unayoweza kuijenga, ila uchovu unaweza kuuongeza kwa urahisi sana.

Siku mbili kabla pumzika kabisa. Siku moja kabla nyonga dakika 40 za pole, zikiwa na vipande vitatu vya dakika moja kwa kasi ya mbio, ili miguu iamke. Jioni hiyo kula wali au ugali wa kutosha, mboga chache, usijaze tumbo. Kagua cheni, breki, spoki na pedeli, na ujaze upepo. Tairi jipya, viatu vipya au siti mpya visubiri hadi mbio ziishe.